Mafunzo Endelevu ya Wanapatholojia: Namna Makongamano ya Kitaaluma Yanavyolinda Usahihi wa Majibu ya Mgonjwa

Madaktari bingwa wa patholojia, ambao ndio hutoa kauli ya mwisho iwapo uvimbe ni saratani au la, hulazimika kujifunza katika muda wote wa utumishi wao. Makongamano ya kitaaluma ni miongoni mwa mahali ambapo mafunzo hayo hupatikana kwa wingi na kwa muda mfupi.

Kwa kawaida mwananchi hamwoni daktari huyu. Kinyama kinachochukuliwa kwenye titi, shingo ya kizazi, tezi dume au sehemu nyingine ya mwili huhifadhiwa katika formalini, huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta na hukatwa vipande vyenye unene wa mikromita 3 hadi 5. Vipande hivyo hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Ripoti inayoandikwa hapo ndiyo humwongoza daktari wa upasuaji, wa mionzi na wa dawa za saratani. Ripoti ikikosea, hatua zote zinazofuata huelekea kukosea pamoja nayo.

Sababu za kuendelea kujifunza

Bingwa wa patholojia huanza na shahada ya kwanza ya udaktari, hufanya mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha husoma shahada ya uzamili, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hata hivyo, maarifa aliyohitimu nayo hayabaki yalivyo. Shirika la Afya Duniani lilianza kuchapisha vitabu vya uainishaji wa uvimbe mwaka 1967, na toleo la tano la vitabu hivyo lilianza kutoka mwaka 2019. Katika kila toleo magonjwa mapya huongezwa, mengine huunganishwa, na vigezo vya kuyatambua hubadilika.

Mabadiliko hayo humgusa mgonjwa moja kwa moja. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza kwamba aina mojawapo ya uvimbe wa tezi ya shingo, uliofungwa ndani ya utando wake na usiovamia tishu za jirani, isiitwe tena saratani. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi wenye uvimbe huo waliondolewa tezi nzima na kupewa tiba ya madini ya joto yenye mionzi. Daktari asiyepata taarifa ya badiliko hilo angeendelea kuandika neno saratani, na mgonjwa wake angepewa tiba nzito asiyoihitaji.

Afrika Mashariki nayo imechangia maarifa hayo. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto. Uchunguzi wa wanapatholojia ulionesha kuwa ni saratani ya mfumo wa limfu, nayo leo huitwa kwa jina la daktari huyo. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo. Utambuzi sahihi ndio uliofungua njia ya kuwatibu watoto hao kwa dawa, kwa kuwa upasuaji peke yake haukuwatosha.

Mafunzo yanayotolewa katika makongamano

Mafunzo ya makongamano ya patholojia hutolewa kwa namna kuu nne.

Ya kwanza ni kozi fupi, ambazo aghalabu hufanyika kabla ya kongamano kufunguliwa rasmi. Kozi hizo hujikita katika kiungo au ugonjwa mmoja, kwa mfano saratani ya matiti au magonjwa ya figo.

Ya pili ni semina ya slaidi. Washiriki hupewa mapema picha za vinyama na maelezo mafupi ya mgonjwa, na kila mmoja huandika utambuzi wake. Kisha mwezeshaji hueleza jibu na sababu zake. Hapa daktari hupima uamuzi wake mbele ya wenzake bila kumweka mgonjwa hatarini.

Ya tatu ni warsha za vitendo. Miongoni mwa stadi zinazofundishwa ni kuchukua seli kwa sindano nyembamba, kusoma vipimo vya imunohistokemia, kutumia picha za kidijitali kuomba ushauri wa bingwa aliye mbali, na kuandika ripoti kwa mpangilio maalumu usioacha taarifa muhimu.

Ya nne ni uwasilishaji wa utafiti kwa hotuba na mabango, ambapo madaktari walio masomoni huulizwa maswali na mabingwa wenye uzoefu.

Makosa yanayotokea kabla ya hadubini

Sehemu ya mafunzo hayo huhusu hatua zinazotangulia kazi ya mwanapatholojia. Kinyama cha titi kinapaswa kuwekwa katika formalini ndani ya saa 1 baada ya kutolewa mwilini, na kukaa humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Kwa kawaida hushauriwa kwamba ujazo wa formalini uwe takriban mara 10 ya ujazo wa kinyama. Kinyama kikicheleweshwa, au kikitiwa katika chombo kidogo chenye dawa haba, protini zake huharibika. Kipimo cha vipokezi vya homoni au cha HER2 kinaweza kutoa jibu la uongo, na mgonjwa akakosa dawa ambayo ingemfaa.

Kwa sababu hiyo, mafunzo hayo yanawahusu pia wataalamu wa maabara, wauguzi wa vyumba vya upasuaji na madaktari wa hospitali za wilaya. Bingwa anayerejea kituoni kwake akiwa na utaratibu huo ana wajibu wa kuwafundisha wanaomtumia sampuli.

Ubora wa maabara na uchunguzi wa vifo

Eneo jingine la mafunzo ni usimamizi wa ubora. Mwaka 2009, mjini Kigali, Rwanda, Ofisi ya Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilizindua mpango wa kuziinua maabara hatua kwa hatua kuelekea ithibati, kwa kuzipima kwa nyota hadi 5. Kipimo cha kimataifa ni kiwango cha ISO 15189, ambacho toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2022.

Wanapatholojia pia huitwa kubaini chanzo cha vifo vyenye utata na kutoa ushahidi mahakamani. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kama Itifaki ya Minnesota, uliohuishwa mwaka 2016, unaeleza namna ya kuchunguza vifo vinavyoshukiwa kuwa kinyume cha sheria. Mafunzo katika eneo hili hulinda haki ya familia ya marehemu na ya mtuhumiwa kwa pamoja.

Fursa za kikanda

Katika ukanda huu, Chuo cha Wanapatholojia wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kwa kifupi COPECSA, huandaa mabingwa kwa utaratibu wa kujifunza wakiwa kazini chini ya usimamizi wa wakufunzi. Chuo hicho kinahusiana na Jumuiya ya Afya ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yenye makao makuu jijini Arusha. Utaratibu huo humwezesha daktari kubobea bila kuacha kuwahudumia wananchi wa nchi yake. Kwa daktari anayefanya kazi akiwa bingwa pekee katika hospitali yake, kongamano ni nafasi ya kupata wenzake wa kushauriana nao kuhusu sampuli ngumu baada ya kurejea kazini.

Wajibu wa mwananchi

Mgonjwa aliyechukuliwa kinyama anashauriwa kudai ripoti yake kwa maandishi, kuitunza, na kuionesha kila anapohamishiwa hospitali nyingine. Vilevile afahamu kuwa vipande vya nta vyenye kinyama chake huhifadhiwa maabara, hivyo daktari anaweza kuomba bingwa mwingine avipitie pale panapotokea shaka. Kuomba maoni ya pili ni sehemu ya kawaida ya taaluma hii, nao wanapatholojia huyatumia hata wao kwa wao.