Ziwa Moja, Ghuba Nyingi: Kipimo cha Usimamizi wa Uvuvi Ziwa Victoria

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 ikaleta soko, na miaka michache baadaye zikaja nyavu za kutega kutoka Ulaya. Ngege, sato wa asili wa ziwa hili, akaanza kuadimika katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Winam. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilichunguza ziwa, akapendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5 na ziwa zima liwe na mamlaka moja.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Ugonjwa ulionekana ghubani, dawa ikapimwa kwa ziwa la kilomita za mraba 68,000 hivi. Baada ya kurudi Uingereza, mwaka 1935 Graham huyohuyo alichapisha hesabu ya uvuvi wa Bahari ya Kaskazini, akiwachukulia samaki kana kwamba wamo katika bakuli moja. Hesabu ya namna hiyo inafaa, ila inaficha jambo. Tuseme ziwa lina ghuba kumi, kila moja ina tani 100 za samaki. Ghuba moja ikimalizwa kabisa, daftari la ziwa litaonyesha upungufu wa sehemu moja tu ya kumi. Mvuvi wa ghuba ile atarudi na wavu mtupu. Na kwa kuwa ngege huzaliana kwenye maji ya kina kifupi, pengo la hapa halizibwi upesi na samaki wa kule.

Sisemi kila mwalo ujitungie sheria. Sangara, aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950, huogelea mbali: ukimwacha leo, kesho atavuliwa na jirani. Kenya na nchi yangu Uganda zimegombea kisiwa kidogo cha Migingo kwa sababu ya maji yake yenye sangara, ambaye hana pasipoti. Kwake yeye mkataba wa nchi tatu wa 1994 ulikuwa wa lazima.

Lakini kwetu Uganda vikundi vya usimamizi vya mialoni vilisimamishwa mwaka 2015, na mwaka 2017 usimamizi wa sheria ukakabidhiwa wanajeshi. Mitumbwi iliyopungua futi 28 ikachomwa. Kwa maoni yangu, futi 28 ni kipimo cha mvuvi wa sangara kwenye maji makuu. Anayetega sato ghubani, akiuona ufuko muda wote, amepimwa kwa ziwa asilovua.