Maharagwe, Samadi na Mfuko wa Mbolea

Wasomaji wetu wa Iga Barrière hawana haja ya kuelezwa maharagwe ni nini. Katika vilima vya Djugu hupandwa katika mvua za mwanzo wa mwaka, kisha katika mvua za mwisho wa mwaka, na wengine hupanda tena bondeni wakati wa kiangazi, wakimwagilia kwa ndoo. Walakini kila msimu swali ni lile lile: tutie samadi ya ng'ombe, au tununue mbolea ya chumvichumvi? Twaona yafaa kueleza historia ya jambo hili, kwa maana wengi hupoteza fedha bure.

Mwaka 1840 Mjerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba mmea hulishwa na chumvi za madini. Miaka 2 baadaye Mwingereza John Lawes alipata hati ya kutengeneza mbolea ya fosforasi kwa kutia mifupa na mawe ya fosfati katika tindikali. Hapo ndipo mbolea ya viwandani ilipoanzia. Lakini jambo moja liliwashangaza wataalamu. Nafaka ilidhoofika ikikosa naitrojeni, bali mimea ya jamii ya kunde ilistawi hata mahali pasipotiwa naitrojeni yoyote. Inaipata wapi?

Jibu lilitolewa na Hermann Hellriegel, naye Mjerumani, mwaka 1886. Yeye na mwenzake Wilfarth walipanda njegere katika mchanga uliochomwa moto hata usiwe na kiumbe hai ndani yake. Njegere zikanyauka kwa njaa. Wakamwagia maji kidogo yaliyochujwa kutoka udongo wa shamba, na mara zikapona, zikaota vinundu mizizini. Ndani ya vinundu wamo bakteria, nao hutwaa naitrojeni ya hewa na kuupa mmea. Mwaka 1913 Wajerumani walifungua kiwanda huko Oppau cha kutoa naitrojeni hewani kwa joto kali na mashine kubwa. Kumbe kunde ilikuwa ikiifanya kazi hiyo tangu zamani, bila kelele na bila gharama!

Turudi kwetu. Dhahabu ya Kilo ilipatikana mwaka 1903, na wachimbaji walitaka kula. Amri ya mwaka 1917 ikaipa serikali ya Kibelgiji uwezo wa kuwalazimisha watu kulima mazao fulani. Shamba lililozoea kupumzishwa miaka mingi likapumzishwa michache, na udongo usiopumzika hauna budi kulishwa. Chakula chake kilikuwa zizini. Wahema wengi walifuga, Walendu wengi walilima, ingawa wapo waliofanya yote mawili. Maziwa yalibadilishwa kwa mazao, na penye mifugo samadi haikuwa mbali. Kisha vikaja vita vya 1999 hata 2003, na mauaji yaliyoanza tena Desemba 2017. Ng'ombe wengi waliporwa, wenye mashamba na wenye mifugo wakakimbilia kambini. Basi samadi haikuachwa kwa sababu watu walipata kitu bora kuliko hiyo. Ilipotea pamoja na ujirani.

Sasa mfuko. Yapasa kusoma tarakimu zake. Yurea ina sehemu 46 za naitrojeni katika 100, na hakuna kitu kingine cha kulisha mmea. Ukiimwagia maharagwe, majani yatakuwa mengi, na vinundu vitapungua, kwa sababu mmea unaoletewa chakula haufanyi kazi ya kukitafuta. Ni kweli maharagwe ni mvivu kuliko soya na karanga katika kazi hiyo, hivyo naitrojeni kidogo mwanzoni husaidia. Lakini penye udongo mchachu uliooshwa na mvua, njaa kubwa ni ya fosforasi. Mfuko wa DAP wa kilo 50, wenye alama 18-46, una kilo 9 tu za naitrojeni, na fosforasi kilo 23 kwa hesabu ya viwandani. Huo, ukitiwa kidogo kidogo kando ya mbegu pamoja na samadi, unafaa zaidi.

Tena maji. Penye ukame chumvi haiyeyuki, na ikiigusa mbegu huiunguza. Samadi iliyooza hushika unyevu, hata maua yasipukutike upesi. Bondeni penye kumwagiliwa mbolea ya mfuko hufanya kazi haraka, lakini maji yakituama vinundu hukosa hewa na mizizi huoza. Ng'oa mche mmoja ukate kinundu: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi.

Huko Rothamsted, shamba la majaribio la Lawes, kipande kimoja cha shayiri kilitiwa samadi kila mwaka tangu 1852 hata 1871, kisha ikakatizwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye kipande hicho kilikuwa bado kikizaa kuliko jirani yake ambacho hakikupata kitu. Mkulima aliyerudi kutoka kambini akipanda mahali palipokuwa zizi zamani ataona jambo hilo hilo, hata kama wenye zizi bado hawajarudi.