Ethanoli ya Magendo na Mikono Safi

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya. Ndani ya siku chache sanitaiza ikawa adimu Nairobi. Bei ilipanda hadi Mamlaka ya Ushindani ikaagiza supamaketi moja iwarudishie wateja pesa zao. Mtaani watu hawakungoja wenye maduka watubu. Kila ploti ilikuwa na fundi wake: huyu anachanganya vodka na alovera, yule spiriti na sabuni ya maji, wote wakisema wameona video.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea kemia. Vyuo vikafungwa, na vilipofunguliwa karo haikuwepo, kwa hivyo kemia yangu iliishia hapo. Lakini kile kidogo nilichobaki nacho kinatosha kuisoma historia hii, kwa sababu ina maswali mawili tu: ni asilimia ngapi, na mtungi ameushika nani?

Turudi Vienna, mwaka 1847. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilihudumiwa na wakunga, nyingine na madaktari na wanafunzi wao. Akina mama walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi zaidi kule kwa madaktari. Aprili mwaka huo, katika wodi hiyo walikufa zaidi ya 18 kati ya kila 100. Daktari mmoja kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, aligundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Aliwaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini, kitu cha ukoo mmoja na Jik tunayofulia shuka nyeupe. Kufikia Julai vifo vilishuka hadi karibu 1 kati ya 100.

Ungedhani walimbeba mabegani. Wapi! Wakubwa wengi walikasirika. Daktari aambiwe mikono yake ndiyo inayoua? Semmelweis alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, bado wengi hawajamkubali.

Karne moja na nusu baadaye, huko Geneva, shida haikuwa tena kukataa bali muda. Didier Pittet, daktari wa kuzuia maambukizi, aliona kwamba muuguzi mwenye kazi nyingi hana dakika za kwenda kwenye sinki kila anapomgusa mgonjwa. Akaweka dawa yenye alkoholi kando ya kila kitanda. Kati ya 1994 na 1997 utakasaji mikono katika hospitali yake ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na kufikia 1998 maambukizi ya hospitalini yalishuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9.

Kisha likatokea jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika habari hii. Mchanganyiko huo haukufungiwa kwenye sefu ya kampuni. Shirika la Afya Duniani liliuchapisha kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009, yeyote atengeneze. Kwa lita moja: mililita 833 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 42 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 15 za gliserini ya asilimia 98, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi ijae lita. Peroksaidi si ya mikono. Inaua vijidudu vigumu vilivyojificha ndani ya chupa, ndiyo maana unaiacha siku 3 kabla ya kutumia. Gliserini inazuia ngozi isipasuke. Kazi yenyewe inafanywa na ethanoli, ambayo hapo imefika asilimia 80.

Sasa tupige hesabu za ploti. Vodka ni asilimia 40. Changanya vikombe viwili vya vodka na kimoja cha alovera, unabaki na asilimia 27 hivi. Sanitaiza inahitaji angalau 60. Hiyo ya 27 inanukia vizuri na inampa mtu ujasiri wa kushika kila kitu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Hata Gavana wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alipotangaza kuweka Hennessy kwenye vifurushi vya msaada ati itasafisha koo, kampuni yenyewe ilibidi ieleze kuwa kinywaji chake hakikingi korona.

Kwa hivyo fomula tulikuwa nayo, ya bure. Kilichokosekana ni ethanoli yenyewe. Mali walishaonyesha njia: hospitali ya Point G jijini Bamako ilitumia ethanoli ya miwa ya nchini mwao kutengeneza dawa hiyo hiyo, miaka zaidi ya kumi kabla ya korona. Sisi pia tuna miwa, na Muhoroni kuna kiwanda kinachotengeneza ethanoli kutokana na molasi. Na kulikuwa na ethanoli nyingine, ile ya magendo, iliyonaswa na KRA ikiwa njiani kuwa keroro ya bei rahisi. Mwezi huo wa Machi serikali iliamua itolewe. Kenya Pipeline, watu wa kusukuma mafuta kutoka Mombasa, wakaanza kuchanganya sanitaiza na kuigawa bure.

Mara nyingi huambiwa kwamba sisi watu wa mtaa hatujui usafi. Lakini mama anayenunua maji kwa mtungi anajua usafi kuliko anayemhubiria. Yeye anahesabu maji ya kupika, ya kufua, na yanayobaki ya mikono. Ule uamuzi wa KRA ulinionyesha kwamba dawa ilikuwepo ghalani muda wote. Ilihitaji sahihi tu.

Julai 2024 ilitangazwa mpox, Taita Taveta. Nyingine itakuja. Ikija, sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, bado ndiyo silaha ya kwanza, hasa mikono ikiwa na uchafu wa kuonekana. Ukilazimika kuchanganya sanitaiza, kaa mbali na jiko na mshumaa, na usinunue spiriti usiyoijua asili yake: methanoli ndiyo iliyoua makumi ya watu waliokunywa pombe haramu Mei 2014, Embu na kwingineko. Na ukiona sanitaiza imepotea madukani tena, usimuulize jirani tu kama ana alovera. Muulize mjumbe wa kaunti yako ethanoli iliyonaswa mwaka huu iko wapi.