Karatasi Zilizoujenga Ukuta

Kuna ukuta Los Angeles wenye urefu wa karibu mita 840. Hauko kando ya barabara kuu wala mbele ya jumba la maonyesho. Uko ndani ya mtaro mkubwa wa saruji unaopitisha maji ya mvua katika bonde la San Fernando. Kumechorwa humo historia ya California, kuanzia enzi za wanyama waliotoweka hadi miaka ya 1950. Unaitwa The Great Wall of Los Angeles, na aliyeubuni ni Judith F. Baca, Chicana aliyezaliwa mwaka wa 1946.

Chicana ni mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Mexico, lakini si kila mmoja wao hujiita hivyo. Ni jina la siasa pia. Lilishika moto miaka ya 1960, vijana wa jamii hiyo walipochoka kusoma vitabu vya historia ambavyo havikuwataja kabisa.

Baca huzungumziwa kama mchoraji. Sawa, lakini nusu ya kazi yake ilifanyika mezani. Mwaka wa 1970 aliwakusanya vijana 20 kutoka magenge 4 ya mashariki mwa jiji, watu ambao kwa kawaida wangekutana kwa ngumi na visu, wakachora picha ya nyanya akiwa amefungua mikono katika bustani ya Hollenbeck. Mwaka wa 1974 alikuwa anaendesha mpango wa jiji zima wa michoro ya ukutani. Mwaka wa 1976, yeye na wenzake Donna Deitch na Christina Schlesinger walianzisha shirika la SPARC, ambalo makao yake ni kituo cha zamani cha polisi kule Venice, seli zikiwemo.

Sasa fikiria ule mtaro. Ulikuwa chini ya wahandisi wa jeshi la Marekani. Huwezi kuamka asubuhi ukabeba mkebe wa rangi ukaanza tu. Unahitaji kibali, pesa, ngazi, maji ya kunywa, na ratiba inayofuata mvua, kwa sababu msimu wa mvua mtaro hurudia kazi yake. Ndiyo maana walichora wakati wa kiangazi pekee: 1976, 1978, 1980, 1981 na 1983. Kiangazi cha kwanza walikuwa vijana 80, wengi wao wakiwa wameshapitia mikono ya korti, pamoja na wasanii na wanahistoria 5. Kufikia mwisho, vijana zaidi ya 400 walikuwa wameshika brashi, na walilipwa. Malipo hayo hayakuanguka kutoka mbinguni; kuna mtu aliyeketi akaandika barua za kuyaomba.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo ukuta hauwezi kukusimulia. Ukuta unakuonyesha familia za Wamexico zikifukuzwa nchini miaka ya 1930, wengine wakiwa raia halali. Unakuonyesha Wamarekani wa asili ya Japani wakifungiwa kambini wakati wa vita. Haukuonyeshi ni nani aliyependekeza tukio hilo liingie, lilichorwa mara ngapi kwenye karatasi kabla ya kukubaliwa, wala ni nini kilichoachwa nje. Hayo yamo kwenye michoro ya awali, noti na barua. Mwaka wa 2021, jumba la Lucas Museum of Narrative Art lilichukua hifadhi ya ukuta huo, zaidi ya vitu 350.

Na usidhani ati rangi hudumu. Mwaka wa 1932, David Alfaro Siqueiros kutoka Mexico alichora América Tropical katikati ya Los Angeles: Mhindi Mwekundu amesulubiwa, na juu yake tai wa Marekani. Wakubwa hawakufurahi. Haikupita miaka mingi picha nzima ikafunikwa kwa rangi nyeupe, na umma haukuiona tena rasmi hadi 2012. Baca mwenyewe yalimkuta. Mchoro wake wa Olimpiki za 1984, wa mwanamke anayekimbia marathoni, ulifunikwa kwa rangi mwaka wa 2019.

Ukuta ukifutwa, anayetaka kuurudisha ataanzia wapi? Kwenye karatasi. Bila karatasi, aliyefuta anaweza hata kukuambia hapakuwa na kitu.

Kuna jambo lingine ninalolipenda. Mwezi Agosti 1986, Baca alihojiwa kwa siku 2 kwa ajili ya hifadhi ya sanaa ya Smithsonian. Aliyeshika maswali alikuwa Amalia Mesa-Bains, msanii mwenzake, Chicana pia. Hawakungoja profesa agundue umuhimu wao miaka 50 baadaye. Walijiandika wakiwa hai, kazi ikiendelea.

Na bado inaendelea. Ukuta unaongezwa ufike miaka ya 1960 na kuvuka, na kama zamani, kila kipande kinaanza kwa penseli. Kwa hivyo kama uko kwenye kikundi cha sanaa mtaani, mna ukuta, jukwaa au jarida, hebu anzeni kuweka faili. Andikeni tarehe nyuma ya picha, na majina ya wote waliokuwepo, hata yule aliyeleta maji. Wekeni pia barua mliyojibiwa kwa kukataliwa. Hiyo hasa msiitupe.