Goti Limevimba, Picha ni Safi

Leo nina historia ya mashine. Usizime redio, kwani inamhusu mama wa Mraru anayembeba mtoto mgongoni kwenda kutafuta gari la Voi kwa sababu goti la mtoto limevimba.

Novemba 1895, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopita kwenye nyama na kuzuiwa na mfupa. Desemba akapiga picha mkono wa mkewe: mifupa ikaonekana, na pete kidoleni. Hiyo ndiyo eksirei.

Mwaka 1897, reli ya kutoka Mombasa ikisogea kuelekea huku kwetu, daktari George Frederic Still wa London aliandika habari za watoto 22 wenye viungo vilivyovimba. Alionyesha kwamba baridi yabisi ya watoto si sawa na ile ya wazee. Alipapasa viungo, tezi na wengu, akawatazama watoto kwa makini. Ndiyo, watoto nao huugua baridi yabisi, hata kama jirani atakucheka ukisema hivyo.

Kwa miaka mingi eksirei ndiyo iliyokuwa picha pekee. Lakini ugonjwa huu hauanzii kwenye mfupa. Huanzia kwenye utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando huvimba na kutoa maji. Tena ncha za mifupa ya mtoto mdogo bado ni gegedu, ambayo eksirei haioni. Kwa hiyo picha ya mwanzo mara nyingi hutoka safi. Mfupa uliolika huonekana baadaye sana, wakati kiungo kimekwisha kuharibika.

Hapo ndipo mama hupotezwa. Anaambiwa picha ni safi, anarudi nyumbani amefarijika, na kila asubuhi mtoto bado anachechemea mpaka jua lipande. Wengine watasema ni baridi ya milimani, au ni maumivu ya kukua. Maumivu ya kukua hayavimbishi goti, mama.

Eksirei si bure. Husaidia kutafuta mambo mengine: mfupa uliovunjika, usaha ndani ya mfupa, TB, hata dalili za saratani ya damu.

Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zilizopigwa kwa sauti. Mashine hiyo unaijua, ni ile ya kutazama mimba. Haina miali, huona maji na utando uliovimba, na mtoto anaweza kupimwa akiwa amepakatwa. MRI, inayotumia sumaku, ilianza na kazi ya Paul Lauterbur mwaka 1973. Huona hata uvimbe ulio ndani ya mfupa na kwenye kiungo cha taya. Ila mtoto lazima alale bila kutikisika, pengine kwa dawa ya usingizi, na gharama yake si mchezo.

Hata hivyo hakuna mashine inayoutaja ugonjwa peke yake. Kipimo walichokubaliana madaktari ni hiki: mtoto hajafika miaka 16, kiungo kimeugua wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zimetafutwa zikakosekana. Wiki hizo anayezihesabu ni wewe. Andika kwenye kijitabu cha kliniki siku uvimbe ulipoanza, na ni kiungo gani hukakamaa asubuhi.

Lakini usikae nyumbani ukihesabu. Kiungo chenye joto pamoja na homa, au mtoto asiyekubali kukanyaga kabisa, ni safari ya siku hiyo hiyo.

Ukifika hospitali ya Moi pale Voi, au kwingineko, na picha ikawa safi, uliza: “Daktari, na huu uvimbe je?” Uliza pia macho yatapimwa lini, kwa maana ugonjwa huu huweza kuharibu jicho bila wekundu wala maumivu, na jicho hilo halionekani kwa eksirei.