Boma la Kale na Umri wa Dar es Salaam

Wasimulizi wengi wa tarehe ya Dar es Salaam huanzia mwaka 1891, Wajerumani walipohamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Boma la Kale, karibu na bandari, linawakanusha. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, zama za Sultan Majid bin Said wa Zanzibar, liwe makazi ya wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash akaupa mji ule kisogo. Jumba lilibaki. Wajerumani walipofika walilikuta limesimama, wakaingiza humo ofisi za serikali yao. Kwa hiyo nyumba ya utawala iliutangulia utawala ulioipa jina.

Ushahidi mkubwa zaidi umo ukutani. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ni fupi. Hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, na ndiyo maana katika majumba ya mawe ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mji Mkongwe, upana wa chumba huamuliwa na mti, si na tamaa ya mwenye nyumba. Ujuzi huu ulikuwa umejenga Kilwa karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Ulaya kutia nanga.

Ipo hoja kwamba Majid naye alikuwa mtawala wa kutoka nje, na kwamba watu wa Mzizima, kijiji cha hapo, walikuwapo kabla yake. Ni kweli, na dola yake iliegemea utumwa. Hilo halifai kufunikwa kwa sifa za usanifu. Lakini anayeamuru ujenzi si yeye anayeujua. Kupasua tumbawe, kuchoma chokaa na kupanga boriti ni elimu ya watu wa pwani wenyewe, na kumpa Mjerumani jumba hili ni kuwanyang'anya mafundi hao kazi yao mara ya pili.

Jambo hili lina uzito hata leo. Anayeliona jumba hili kama ofisi ya kikoloni tu ataziba nyufa zake kwa saruji, ambayo hufungia unyevu ndani hadi tumbawe lianze kumomonyoka. Anayeujua ujenzi wake atatafuta chokaa.