Spika za Mbele: Kutoka Kibanda cha Video Hadi Sebuleni

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na miji jirani ya Shinyanga, spika za mbele, yaani za kushoto na kulia mwa runinga, zilipangwa kwenye kibanda cha video kwanza, sebuleni baadaye. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, takriban miaka 20 baada ya Zanzibar. Kwa watu wengi, basi, filamu ilikuwa kitu cha kulipia kiingilio na kutazama katikati ya umati.

Wateja walikuwepo. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, lakini mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo, rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, zilishika kasi. Palipochimbwa maduara (mashimo ya dhahabu) na kufungwa karasha (mashine ya kusaga mawe), hapakukosa mama ntilie, duka la betri na, muda si mrefu, kibanda cha video. Watani walikiita kibanda umiza, kwa sababu ya mabenchi yake na joto lake.

Jengo lenyewe ndilo lililoamua spika zikae wapi. Kuta zilikuwa za turubai, magunia au udongo, na paa la mabati. Runinga na deki viliwekwa juu, mara nyingi ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, huku jenereta likinguruma nyuma. Spika zikiwekwa chini, benchi la mbele lilimeza sauti: mlio mzito huzunguka miili na kufika nyuma, lakini sauti za herufi kama s, t na k, ambazo ndizo zinazofanya neno lieleweke, huzuiwa na vichwa vya watu. Kwa hiyo spika zilipandishwa juu ya vichwa, pembeni mwa runinga au kwenye nguzo, zikielekezwa chini kidogo. Mara nyingi spika moja iligeuzwa mlangoni kuita wateja. Hapo habari ya kushoto na kulia ilikwisha; aliyekaa ndani alisikia upande mmoja tu wa filamu. Na mvua ikipiga mabati, hakuna mpangilio uliofaa kitu.

Kanuni ya kitaalamu ya kupanga spika ilikuwa imekwisha kutungwa mbali na hapo. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya njia mbili. Mwaka 1933 maabara za Bell za Marekani zilirusha muziki wa okestra kutoka Philadelphia hadi Washington kwa njia tatu: kushoto, kati na kulia. Sinema zikafuata mkondo huo wa spika tatu, na viwango vya baadaye vikaweka vipimo: spika ya kushoto na ya kulia ziwe nyuzi 30 kila upande wa mstari wa katikati, zikiwa sawa kwa umbali kutoka kwa msikilizaji. Mlio mwembamba utoke usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Ni kanuni nzuri, ila ilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja kwenye kiti kimoja. Kibanda kilikuwa na watu wengi, na wa benchi la pembeni alilipa sawa na wa katikati.

Kilichobadili mambo zaidi ni filamu zilizotafsiriwa. Desturi ya kusimulia filamu ya kigeni, iliyostawi Uganda, iliingia Tanzania, na Dar es Salaam ikapata wasimulizi mashuhuri kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kanda na diski zao zilisambaa hadi machimboni. Katika filamu hizo sauti ya msimulizi hulala juu ya milio yote, na ikitoka sawasawa katika spika mbili, aliye katikati huisikia kana kwamba inatoka kwenye kioo. Aliye karibu na spika ya kushoto huisikia kutoka kushoto tu.

Sebule zilifuata. Mgodi wa Geita Gold Mine ulianza uzalishaji 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mishahara, nyumba za matofali na umeme vikaleta sabufa madukani. Nyumbani, mwamuzi akawa kabati la runinga. Spika ndogo husukumwa ndani ya rafu zake, hufunikwa vitambaa vya kufuma, au hubandikwa karibu na dari kwa mazoea ya kibandani, ingawa hakuna umati wa kuzizuia. Zikiwa rafuni, sauti huwa nzito na kufifia. Zikitolewa hadi ukingoni na kuelekezwa kwenye kochi, maneno hurudi.

Inayohitajika zaidi na watazamaji wa filamu za kutafsiriwa ni spika ya kati, chini au juu ya runinga, kwa kuwa humshikilia msimulizi hapo hapo hata mgeni akikaa pembeni. Sabufa za 2.1, yaani zenye spika mbili na moja ya mlio mzito, hazina spika hiyo.